Sista Aliyesikiliza "Abee"

Watu wa vijiji vya mashariki ya Dodoma walimwogopa Sista Mlezi kwa sababu ambayo haikuwa ya kweli. Waliamini kazi yake ilikuwa kukusanya mabinti. Pikapu nyeupe ya masista ikionekana inapinda kutoka barabara kuu, mama mmoja alimwambia mwenzake, "Mfiche wako, Sista huyo," wakacheka wote. Lakini wapo waliowaficha kweli. Siku moja nilipanda naye gari kwenda kutazama cherehani cha parokia fulani, tukasimama kwenye nyumba ya muumini kuomba maji. Nyuma ya mama aliyetukaribisha kulikuwa na kihenge cha mtama, na chini ya kihenge hicho ilichomoza miguu miwili ya msichana mkubwa. Sista aliitazama ile miguu, akaulizwa habari za mvua, akajibu habari za mvua, akanywa maji, akaaga. Garini akaniambia:

"Yule mama asijisumbue. Mwenye miguu ile anataka kuolewa."

"Umejuaje, Sista?"

"Kucha zimepakwa rangi nyekundu. Nani anapaka kucha rangi wakati wa palizi?"

Ukweli ni kwamba katika miaka yote niliyomfahamu, wasichana aliowarudisha makwao walikuwa wengi kuliko waliobaki. Kazi yake ilikuwa kuwalea aspiranti, yaani wale wanaofika kwa masista kuyajaribu maisha hayo kabla hawajaahidi chochote. Ndiyo maana aliitwa Mlezi, na watu wote walimwita hivyo, hata waliokuwa hawajui anamlea nani. Jina lake la utawa nalijua, ila sitaliandika. Hakupenda kutajwa.

Nilimfahamu kwa sababu ya kazi yangu. Mimi natengeneza vyerehani. Nasema "natengeneza vyerehani" kwa kuwa hapa kwetu ukisema fundi cherehani watu wanakuletea kitambaa cha suruali. Sijui kushona hata kifungo. Ninachojua ni mashine yenyewe, na nilijifunza kwa kuifungua, kuisoma na kuirudishia. Masista walikuwa na chumba cha ushonaji, wakishona sare za shule na mavazi ya kanisani, na mashine zao zilikuwa za kizamani, kwa hiyo nilikuwa mgeni wa mara kwa mara. Chumba hicho kilitazama uani, mahali wasichana walipofanyia kazi zao, na Sista Mlezi aliketi dirishani. Mengi ya haya niliyaona nikiwa nimeinama juu ya mashine. Nayapanga kwa mambo yenyewe, kwa sababu miaka imeniingiliana.

Nianze na yale yaliyokuwa yakigongana ndani yake. Alifundisha uvumilivu kila asubuhi, na hakuweza kusubiri chai ipoe. Aliungua ulimi mara nyingi kiasi kwamba wasichana walijifunza kumpelekea chai ya uvuguvugu bila kumwambia. Alifundisha kwamba mtawa asishikamane na kitu, lakini alikuwa na mkasi mmoja mweusi ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Nilipomwuliza, akasema mkasi si kitu, ni mkono. Alivaa sweta ya bluu hata mwezi wa Oktoba, wakati wenzake wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Alipenda mpira kupitia redio, na siku timu yake ikifungwa wasichana walijua kutomwomba ruhusa ya jambo lolote. Kanisani aliimba sauti ya pili ambayo hakuna mtunzi aliyewahi kuitunga. Padre mmoja kijana alimshauri kwa upole aimbe moyoni. Akamjibu, "Baba, moyoni ndiko ninakoimba. Hii inayotoka ni mabaki."

Alijua kutania, na watu wa sokoni walimpenda kwa hilo. Baada ya mavuno alikwenda Kibaigwa kununua mahindi ya chakula cha nyumba nzima, na mara moja nilimsindikiza kwa kuwa nilikuwa na shughuli ya vipuri. Malori yalikuwa yamejipanga, vumbi limejaa, na dalali mmoja mwenye kofia ya pama akamwona tangu mbali.

"Shikamoo, Sista. Leo umefuata mahindi au mabinti?"

"Marahaba. Mabinti wa Kibaigwa siwawezi, wanajua bei ya kila kitu."

Wabeba magunia wakacheka. Dalali naye hakutaka kushindwa.

"Basi nichukue mimi, Sista. Nimechoka na dunia."

"Unajua kupika?"

"Sijui."

"Kufua?"

"Nafuliwa."

"Kuamka saa kumi na moja alfajiri?"

"Sista, hiyo ndiyo saa ninayoingia nyumbani."

"Sasa unakuja kuacha nini, mwanangu? Hupiki, hufui, hulali. Huna kitu cha kuacha."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na mahindi akayapata kwa bei aliyoitaka. Lakini tulipokuwa tunarudi alisema, "Nimemtania yule, ila ndilo swali lenyewe. Msichana akija kwangu hana anachoacha, hana anayemkosa, hana hata rafiki wa kumlilia, namwogopa. Huyo hajaja. Huyo ametupwa."

Swali la nini kinawavuta wasichana kwenye maisha yale lilinishughulisha, na nilimwuliza kwa nyakati tofauti. Sikupata jibu moja. Wasichana wenyewe walimletea sababu za kila aina, nami nilizisikia pale dirishani. Kuna aliyependa weupe wa nguo. Kuna aliyetaka kusoma, na kwao shule ilikuwa imeishia darasa la saba. Kuna aliyeona dada yake akipigwa na mumewe akasema hapana, mimi siendi huko. Kuna aliyemwona sista wa zahanati akimshika mkono mzee mwenye vidonda, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Sista Mlezi hakuidharau sababu hata moja. Alichokichukia ni majibu ya kukariri.

"Umefuata nini hapa?" alimwuliza mmoja mbele yangu.

"Nimekuja kumtumikia Mungu na jirani, Sista."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Katekista."

"Basi mwambie katekista aje yeye. Wewe umefuata nini?"

Msichana alitazama chini, akafikiri, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nataka kulala kitandani peke yangu. Nyumbani tunalala wanne."

"Haya," Sista akasema, akivuta kiti. "Sasa tunaongea. Kaa."

Yeye mwenyewe alinipa sababu tatu za kuingia kwake utawani, na hazikufanana. Mara ya kwanza alisema ni viatu: sista aliyefika kijijini kwao alivaa viatu vyeusi vya kufunika, akapita juu ya miiba bila kuinamisha kichwa, naye akataka kutembea hivyo. Mara ya pili, akizungumza na akina mama wa jumuiya, alisema ni sala ya jioni, ile saa ambayo watu wazima wote wananyamaza pamoja na hakuna anayegombana. Mara ya tatu alinisimulia kwamba kwao wanawake walikula mwisho, wamesimama, kilichobaki. Na siku alipopelekwa kwa masista kumtembelea shangazi yake aliona meza moja, wanawake peke yao wameketi, chakula kikapita kwa kila mmoja kikiwa bado cha moto. Nikamwambia, "Sista, umenipa sababu tatu."

"Zote za kweli, Fundi. Hizo ndizo zilizonileta. Kilichonibakiza ni kitu kingine, na hicho sikukijua mpaka nilipokuwa nimeshazeeka humu."

"Ni nini?"

"Wewe kaza hiyo nati."

Hakuwahi kunijibu, na sidhani alikuwa anaficha. Nadhani hakuwa na neno lake.

Sasa nieleze namna yake ya kazi, kwa sababu ndiyo iliyomtofautisha na walezi wengine. Kila msomaji anajua kwamba mtoto wa kike akiitwa huitika "abee." Tunafundishwa tukiwa wadogo, na baadaye hatulisikii tena, kama tusivyosikia pumzi zetu. Sista Mlezi alilisikia. Aliketi dirishani na mkasi wake, akaita jina kwa sauti ya kawaida wakati msichana yuko katikati ya shughuli, akasikiliza anavyoitika. Kisha alimpa kazi ndogo tu, amletee uzi au amwambie mpishi jambo, ili msichana asijue kwamba amepimwa.

Yule aliyedondosha ndoo na kuja mbio alimtia wasiwasi. "Huyu anataka kunipendeza mimi," alisema. "Siku nikihamishwa atafunga mzigo." Aliyevuta "abeee" ndefu kama anayeinua gunia, alimwacha, akamwita tena kesho, kwa sababu kuchoka si dhambi. Aliyempendeza ni yule aliyeitika, akaitua ndoo taratibu, akafuta mikono, ndipo akaja. "Huyu ana nafasi ndani yake," alisema. "Wengi wanadhani wito ni kuitwa. Kuitwa ni kazi ya mwingine. Yangu mimi ni kuitika."

Nilimbishia. Mimi ni mtu wa kupima vitu, na jambo hili lilinikaa kama ramli. "Sista, huwezi kumjua mtu kwa neno moja."

"Siwezi. Ndiyo maana namwita tena."

Nami nikaanza kukisia kimya kimya nani atabaki na nani ataondoka, nikilinganisha na maneno yake. Nilikosea kuliko yeye. Lakini naye alikosea. Msichana mmoja aliyekuwa na "abee" safi kuliko wote, tulivu, iliyopangwa vizuri, aliondoka asubuhi moja bila kumuaga mtu. Sista alinuna siku kadhaa, kisha akacheka. "Kumbe alifundishwa bwenini," alisema. "Matroni wao alikuwa mkali."

Na kuna aliyemshinda kabisa kwa muda. Alitoka upande wa Chemba, msichana mfupi, mchapakazi, mwenye aibu ya Kiswahili kwa sababu nyumbani walisema lugha yao yenye sauti za kugongesha ulimi. Sista alimwita kutoka dirishani. Kimya. Akamwita tena. Msichana aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akaendelea kuchambua mchele. Akamwita mara nyingine, kimya kilekile. Wenzake walianza kusema ana kiburi, mmoja akasema ni kiziwi. Sista alipotoka nje na kumwita akiwa mbele yake, aliitika vizuri kabisa.

"Kule dirishani hukunisikia?"

"Nilisikia, Sista."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Bibi alisema nikiitwa na nisiyemwona nisiitike. Wanaoita hivyo si watu."

Sista Mlezi alikaa chini palepale juu ya mkeka wa mchele. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikapinda. Mtu aliyewalea wasichana kwa kuwasikiliza wakiitika alikuwa ameletewa mmoja aliyefundishwa kutoitika, tena kwa sababu ya maana. Nilidhani atamrudisha. Alimbakiza. "Huyu hatadanganywa na kila sauti," aliniambia. Leo yule msichana ni sista wa zahanati, na wagonjwa wanapanga foleni yake hata kama foleni nyingine ni fupi.

Yote haya niliyatazama kama mtu wa pembeni mpaka binti yangu mwenyewe alipoingia uani kwao.

Tunu ni mtoto wetu wa pekee. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo, hapumui sawasawa, na mke wangu, akiwa kitandani, alimwahidi Mungu kwamba mtoto akipona atamtoa awe sista. Mtoto alipona. Jina la Tunu lilitokana na hilo. Tangu akiwa mdogo aliambiwa, "Wewe si wangu, wewe umeahidiwa," kwa upendo, wakati wa kusukwa nywele, wakati wa kulala. Nilimwambia mke wangu mara nyingi kwamba mtoto aachwe achague mwenyewe. Alinijibu kila mara jibu moja: "Wewe hukuwemo mle chumbani." Na ni kweli, sikuwemo.

Tunu alipomaliza kidato cha nne alisema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba anakwenda kwa masista. Alifunga mzigo wake mapema. Hakulia. Mke wangu alishona shuka mpya akiimba. Majirani zetu wa Nzuguni walikuja kutupongeza, nami niliwapokea, nikawashukuru, lakini ndani nilikuwa na swali moja ambalo sikuwa na chombo cha kulipimia: mtoto huyu anakwenda, au anapelekwa? Kama anakwenda, ningelala usingizi. Sikumwomba Sista Mlezi upendeleo wowote. Niliendelea kutengeneza mashine zao, na Tunu aliniamkia uani kama wasichana wengine walivyoniamkia.

Miezi ilipita. Siku hiyo nilikuwa nimelala chali chini ya mashine ya kukanyaga, nafunga mkanda. Tunu alikuwa nje anaanua nguo. Nilimsikia Sista akiita, "Tu..."

"Abee!"

Jina halikuwa limekwisha. Sista hakuita tena. Aliuweka mkasi wake juu ya meza, akamwambia Tunu aingie. Nikaanza kutoka chini ya mashine.

"Baki hapo, Fundi," alisema. "Ni mwanao. Sikiliza."

Tunu aliingia na nguo begani, akasimama.

"Tunu, nimemwita nani?"

"Mimi, Sista."

"Nilifika 'Tu' ukaitika. Ningekuwa namwita Tumaini?"

Tunu akatabasamu kidogo. "Ningekuwa nimekosea, Sista."

"Na kila siku ni hivyo. Unaitika kabla sijamaliza. Nilidhani ni mbio za ujana, nikangoja zipungue. Hazipungui." Sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo sijawahi kuisikia ikitumika kwa mtu mwingine. "Niambie, mwanangu. Siku ukichelewa kuitika, kitatokea nini?"

Tunu alizitazama zile nguo. Kisha akajibu kama mtu anayetaja kijiji chake.

"Nitakufa, Sista."

Nilikuwa bado nimeshika mkanda wa mashine. Sikuuachia. Sista hakushtuka wala hakumkemea. Alimwuliza nani kasema hivyo, na Tunu akaeleza yote kwa utulivu: kwamba alipona kwa ajili ya ahadi, kwamba ahadi ikivunjwa kilichotolewa kitachukuliwa, na kwamba hilo hakuambiwa waziwazi na mtu, alilijumlisha mwenyewe akiwa darasa la pili. Tangu darasa la pili! Na alikuwa akicheza, akicheka, akiniletea chai karakana, na jambo hilo likiwa ndani yake muda wote.

"Asante kwa kuniambia," Sista alisema. "Kaanue nguo zilizobaki." Kisha akanigeukia. "Jumamosi njoo na Mama Tunu."

Mke wangu alikuja amevaa kitenge chake kizuri, akidhani ameitwa kuambiwa tarehe ya hatua inayofuata. Sista Mlezi alimkaribisha, wakaulizana hali kwa Kigogo, wakacheka kidogo, maana wote wawili ni wa kwao kumoja. Halafu akamweleza alichosema Tunu, bila kupunguza na bila kuongeza. Mke wangu alishika mdomo.

"Mimi sikumwambia atakufa! Sista, sijawahi kumwambia!"

"Najua. Mtoto hujumlisha."

"Lakini niliahidi. Mungu alinisikia. Nitarudishaje neno?"

Sista alimsogelea. "Mama Tunu, wewe ni binti wa wafugaji. Ukimwahidi mtu ng'ombe wa jirani yako, umemwahidi nini?"

Mke wangu alifikiri kwa muda mrefu. Yeye si mtu wa kujibu ili mradi amejibu.

"Maneno," alisema hatimaye.

"Basi Mungu alipokea maneno, akakupa mtoto mzima. Unadhani hakujua ng'ombe ni wa nani?"

"Na akifa?"

"Atakufa, kama mimi na wewe. Lakini si kwa ajili ya maneno yako. Uliyeahidi ni wewe. Nenda kwa padre, mweleze, atakupa la kufanya wewe. Huyu mwachie yake."

Mke wangu alilia, na sikumzuia, kwa sababu nilijua kilio cha aina ile: ni cha mtu anayetua mzigo na kugundua mabega yanauma. Tunu aliitwa. Sista akamwambia arudi nyumbani.

"Nimefukuzwa, Sista?"

"Umeruhusiwa. Ukitaka kuja hapa, uje ukiwa huogopi kuchelewa."

"Na nisipokuja?"

"Usipokuja tutakuja sisi kula harusi yako. Mimi nakula sana, muwe mmejiandaa."

Tulirudi Nzuguni watu watatu. Tunu alilala tangu jioni mpaka jua lilipokuwa juu kesho yake, na mke wangu aliingia chumbani kwake mara kwa mara kusikiliza kama anapumua. Padre alimpa mke wangu kazi ya kuwapikia uji wagonjwa wasio na ndugu katika hospitali moja ya mjini. Anaifanya mpaka leo, na anasema angeifanya hata kama hangeambiwa.

Tunu hakurudi kwa masista. Alisoma uuguzi, akaajiriwa, akaolewa na mwalimu wa Kondoa, mtu mpole anayependa kueleza vitu kwa kirefu. Sista Mlezi alikuja harusini, akala kama alivyoahidi, na akaimba. Binti yangu ni mtu mwingine sasa. Ukimwita anaweza kukujibu akiwa tayari, au asijibu kabisa kama ana kazi, na mumewe hulalamika kwangu kuhusu jambo hilo. Mimi humsikiliza kwa furaha ambayo hawezi kuielewa.

Lakini mke wangu, hofu yake haikuisha yote siku ile. Tunu alipopata mimba niliiona ikirudi. Mke wangu alisimama dirishani bila kutazama kitu. Siku ya kujifungua aliketi kwenye benchi nje ya wodi na rozari mkononi, na midomo yake haikusogea. Nilijua anachokiogopa, naye alijua kwamba najua: asije akaahidi tena. Muuguzi alipotoka na kusema mama na mtoto wa kike wote wazima, mke wangu alinishika mkono akasema, "Sikusema chochote, Baba Tunu. Nilikaa kimya." Nilimwambia alifanya vizuri.

Mwaka huu tulikwenda kumwona Sista Mlezi. Wamemhamishia kwenye nyumba ya masista wazee upande wa Msalato, kwa sababu miguu yake imevimba na haimbebi tena. Tulimkuta barazani kwenye kiti cha magurudumu, amevaa sweta, ananung'unikia magari yanayotimua vumbi tangu ujenzi wa uwanja wa ndege uanze. Tunu alimpigia magoti kumsalimu. Sista alimshika kidevu, akamtazama kwa muda.

"Nilikutaka, unajua," alisema. "Sikuwahi kumwambia mtu. Ungekuwa sista mzuri kuliko mimi. Nilikaa wiki nzima nimekasirika."

"Ulikasirikia nani, Sista?" Tunu akauliza.

"Mungu. Halafu nikala, nikanyamaza."

Tulicheka wote. Sista kijana alileta chai na karanga, akatandika mkeka barazani, na mjukuu wetu akawekwa juu yake. Ameanza kutambaa. Sista Mlezi alimtazama, kisha akamgeukia mke wangu, na uso wake ukawa wa kazi.

"Na huyu, Mama Tunu? Mmemwahidi nani?"

"Huyu?" mke wangu alisema. "Hatujamwahidi hata jogoo."

"Vizuri."

"Ila Sista," akaendelea polepole, "akija kutaka mwenyewe?"

"Mtamleta. Mimi sitakuwepo, mtamkuta mwingine. Na akikataa?"

"Akikataa nitakuwa bibi yake tu."

Mtoto alikuwa amefika ukingo wa mkeka. Mke wangu, ambaye Tunu alipokuwa na umri huo alimfunga mgongoni hata akiwa ndani ya nyumba, hakumpandisha mjukuu wake mgongoni. Alikaa na kikombe chake. Mtoto akatua mkono mmoja kwenye saruji, akaona ni baridi, akacheka, akaendelea hadi kwenye jua la uani, akielekea tusikokujua. Mke wangu alimfuata kwa macho. Kisha akainama kuchukua karanga.